Dua na komeo

Nilitoka Nachingwea kwenda Ruangwa na pikipiki, peke yangu, kupeleka gauni la bibi harusi. Magharibi ikanikuta njiani, mama mmoja mkulima akanipokea. Nikamwomba mkeka nilale nje, penye upepo.

"Hapana, mwanangu. Nguruwe hufuata mahindi, simba hufuata nguruwe."

Kweli. Kati ya 1990 na 2004 simba waliua Watanzania zaidi ya 560, wengi kusini, msimu wa mavuno, baadhi wakilinda mashamba usiku.

Nikasoma dua ya kutua ugenini, aliyotupokelea Bibi Khawla bint Hakim, tukatia komeo. Usiku nguruwe walikoroma shambani, ghafla wakanyamaza wote. Mama akaninong'oneza: "Usifungue."

Unayeolewa mbali, dada, soma dua yako, na msikilize mwenyeji.