Koti la Sufu Mombasa

Kabatini mwangu, nyuma ya mabuibui, linaning'inia koti la sufu. Ni la kahawia iliyokoza, lina mfuko wa ndani wenye zipu, na chini ya kwapa la kushoto nondo wameshatoboa tundu la ukubwa wa punje ya kunde. Nililinunua mwaka 2008. Tangu hapo nimelivaa mara nne, zote Ulaya. Mombasa, hata ile Julai ya kusi na manyunyu, mtu akikukuta na koti la sufu atakuuliza kama umepima malaria.

Mwaka huo nilikuwa London kwa mafunzo ya miezi mitatu. Jumamosi moja wenzangu wakasema twende autileti. Neno lenyewe nilikuwa sijalisikia. Nikaelezwa kuwa ni mahali ambapo makampuni makubwa ya mitindo huuza mabaki ya msimu uliopita: saizi zilizobaki, rangi zilizokosa wapenzi, nguo zenye kasoro ndogo. Wazo lilitoka Marekani. Woodbury Common, nje ya New York, ilifunguliwa 1985. Sisi tulikuwa tunakwenda Bicester Village, katika kaunti ya Oxfordshire, iliyofunguliwa miaka kumi baadaye.

Tulipanda treni Marylebone hadi Bicester North, kisha basi dogo. Nilitarajia ghala. Nikakuta njia moja ndefu ya waenda kwa miguu na vijumba vya mbao huku na huku, vimepakwa rangi za kupoza macho, kama picha ya kalenda. Na juu ya kila mlango jina ambalo mimi nililijua kutoka kwenye lebo tu, ile ya ndani ya kola.

Maana majina hayo nilikuwa nayajua tangu utotoni. Niliyajulia soko la Kongowea, hapa Mombasa.

Shangazi aliyenilea alikuwa mnunuzi wa mitumba wa kuogopwa na wachuuzi. Siku ya kufunguliwa robota alifika soko halijachangamka, ili aiwahi kamera, chaguo la kwanza. Fagia, yale mabaki yanayorundikwa chini na kuuzwa kwa bei moja, aliwaachia wengine. Blauzi ikimpendeza hakuitazama mbele. Aliigeuza nje ndani, akavuta mshono wa ubavuni kwa vidole gumba viwili, akaangalia kama pindo limebakishiwa kitambaa cha kutosha kuachiliwa siku mtu akinenepa, akapandisha zipu na kuishusha mara tatu, akatafuta kifungo cha akiba kilichoshonewa ndani. Jina alilisoma mwisho, tena wakati mwingine hakulisoma kabisa kwa sababu miwani ameisahau nyumbani.

Siku ile Bicester nilisahau masomo yote hayo. Nilisoma karatasi ya bei. Juu iliandikwa pauni 395 na mstari umepitishwa katikati. Chini, kwa wino mwekundu, 129. Pauni moja ilikuwa shilingi 120 na ushei. Nikapiga hesabu mlemle dukani: nimeokoa zaidi ya shilingi 30,000! Kwa hesabu hiyo nilitoka dukani tajiri kuliko nilivyoingia. Ile 129 iliyotoka mfukoni sikuihesabu, wala sikujiuliza ni nani hasa aliyewahi kulilipia koti lile pauni 395, na alililipia wapi.

Miaka iliyofuata kazi ya ukalimani ilinirudisha Uingereza mara kwa mara, nami nikawa bingwa. Nilijua ni heri kwenda Jumanne asubuhi kuliko Jumamosi. Nilijua kubeba sanduku tupu ndani ya sanduku lingine. Kisha WhatsApp ikaingia, na habari ya safari yangu ikawa inafika kwa jamaa kabla ya viza. Binamu anataka mkoba, mke wa kaka anataka viatu vya harusi, jirani ambaye tulikuwa hata hatusalimiani vizuri ananitumia picha ya saa. Wengi waliahidi kulipa nikifika. Wachache walilipa.

Tulichokuwa tukijivunia hasa ni kurudishiwa kodi. Mgeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya aliweza kudai kodi ya ongezeko la thamani, VAT, kwa bidhaa anazoondoka nazo. Nilipoanza ilikuwa 17.5%, na Januari 2011 ikapandishwa hadi 20%. Watu walidhani watarudishiwa 20% ya walicholipa. Sivyo. Kodi imeshatiwa ndani ya bei, kwa hivyo kwenye kila pauni 120 kodi ni 20, yaani sehemu moja ya sita. Na kampuni iliyoshughulikia makaratasi ilikata chake. Halafu kulikuwa na foleni. Forodha walikuwa na haki ya kutaka kuiona mali, kwa hivyo hukuweza kukabidhi sanduku kabla ya kugongewa muhuri. Mwaka 2019 nilifika Heathrow saa nne na nusu kabla ya ndege kuruka, nikasimama na masanduku mawili na bahasha ya risiti mpaka magoti yakalalamika, nikapata pauni 31. Kwenye kaunta ya ndege sanduku likazidi uzito, nikalipa 65. Nilikaa kwenye kiti changu nikiwa na hasira nisijue nimkasirikie nani.

Lakini aliyenifumbua macho ni Shangazi, kabla ya hapo, mwaka 2016. Nilimletea blauzi kutoka autileti nyingine, ya kampuni ambayo jina silitaji, nikijua analipenda hilo jina kwa sababu alikuwa na blauzi yake ya Kongowea ambayo amekuwa akiivaa kwenye maulidi miaka nenda miaka rudi. Alinishukuru sana. Akaigeuza nje ndani. Akanyamaza. Akaenda chumbani, akarudi na ile ya mtumba, akazilaza zote mbili mkekani, matumbo juu.

Ile ya zamani mishono yake ilikuwa imekunjwa na kufichwa, hakuna uzi uliochungulia. Yangu ilikuwa imepitishwa ovaloki tu. Ile ya zamani ilikuwa na bitana mabegani na kifungo cha akiba. Yangu haikuwa na bitana, na vifungo vyake vilikuwa vya plastiki vilivyopakwa rangi ya lulu. Hata lebo zilitofautiana: jina ni lilelile, ila kwenye yangu, chini ya jina, palikuwa na vinukta vidogo ambavyo ya zamani haikuwa navyo.

"Mwanangu, hizi si ndugu," akasema. "Hapa umeuziwa jina."

Nikamtetea muuzaji. Nikamwambia ni mabaki ya msimu, ndiyo maana bei imeshuka. Nikamwonyesha kwenye simu picha niliyopiga dukani, blauzi zimening'inizwa safu nzima. Akaisogeza simu mbali, akaisogeza karibu, akauliza, "Mabaki gani haya yenye saizi zote?"

Sikuwa na jibu, na swali hilo bado nalitumia kama mizani. Mabaki ya kweli hayana mpangilio. Robota halina nguo mbili zinazofanana. Kwenye autileti, ukikuta kiatu kimoja kimebaki, saizi 46, rangi ya ajabu, hicho kweli kimetoka duka la mjini na kukosa mwenyewe. Ukikuta blauzi ileile kuanzia ndogo hadi kubwa, kwa rangi sita, basi hiyo haijawahi kukanyaga duka la mjini. Imeshonwa kwa ajili ya hapo. Si siri, wala si kosa la jinai: makampuni mengi yana mistari ya nguo za autileti na hayakatai. Utata uko kwenye ile bei ya juu iliyopigwa mstari. Mwaka 2014 wabunge kadhaa wa Marekani waliiandikia tume ya biashara ya huko wakiitaka ichunguze kama wateja wanapotoshwa na bei za kulinganisha ambazo bidhaa hazikuwahi kuuzwa kwazo. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka Shangazi na miwani yake ya kusahaulika.

Nisiwadhulumu wenye maduka. Viatu vya marehemu Baba, saizi hiyohiyo 46 ambayo Mombasa nzima ilitusumbua, nilivipata Bicester kwa chini ya nusu ya bei niliyokwisha kuiona London kwa macho yangu. Fundi alivibadilisha soli mara mbili. Na sufuria nzito ya chuma niliyobeba mapajani kutoka London hadi Nairobi bado inapika pilau kila Ijumaa. Vitu hivyo viwili nilivitafuta. Vingine vyote vilinitafuta vyenyewe.

Kisha mambo yenyewe yakabadilika. Kuanzia tarehe 1 Januari 2021 Uingereza iliacha kuwarudishia wageni VAT kwa mali wanayojibebea, isipokuwa Ireland ya Kaskazini. Septemba 2022 waziri wa fedha, Kwasi Kwarteng, akatangaza kuwa utaratibu utarejeshwa. Hazikupita wiki nne, mrithi wake Jeremy Hunt akaufuta tena. Shilingi nayo ikaporomoka: mwishoni mwa 2023 pauni ilikuwa karibu shilingi 200. Na Novemba mwaka huohuo Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, ikawakumbusha wasafiri kwamba mali iliyozidi dola 500 wakati huo ililipiwa ushuru ukitua. Kundi letu la WhatsApp likanyamaza kidogo, kisha likaanza kuzungumzia Dubai.

Mimi nilikuwa London mwezi huo. Siku yangu moja ya mapumziko nikajikuta, kwa mazoea tu, nimepanda treni ya Marylebone. Tangu 2015 kuna stesheni mlangoni kabisa mwa kijiji kile, na matangazo hutolewa kwa Kichina na Kiarabu pia. Treni ikasimama. Behewa likamwagika: masanduku matupu yenye magurudumu, wanawake wa Ghuba na watoto wao, vijana wa Kichina wenye orodha kwenye simu. Nilikuwa nimeshasimama na mkoba begani. Nikakaa tena. Miaka kumi na mitano nimekuwa nikishukia Bicester, na kituo cha mwisho cha treni hii ni Oxford, mwendo wa kama robo saa. Oxford sikuwahi kuiona.

Nilitembea hadi miguu ikauma. Katika Broad Street nikapita nambari 17, mahali ambapo Oxfam walianzisha duka lao la hisani mwishoni mwa miaka ya 1940. Nikasimama pale muda mrefu kuliko nilivyosimama mbele ya vyuo. Nguo ambazo watu huzitoa kwenye maduka ya namna hii na zisinunuliwe, nyingi huuzwa kwa wafanyabiashara, huchambuliwa, hufungwa marobota, huvuka bahari. Kwa namna fulani nilikuwa nimesimama mtoni, kwenye chemchemi, mimi niliyekunywa miaka yote kwenye bomba la Kongowea.

Mtaa wa pili nikaingia duka la hisani lisilo na umaarufu. Kulikuwa na blauzi ya hariri ya kijani. Nikaigeuza nje ndani, nikavuta mshono, nikatafuta kifungo cha akiba. Kilikuwepo. Bibi wa kaunta alinitazama kwa mashaka kidogo. Pauni sita.

Nilipompelekea Shangazi, aliikagua polepole, sasa kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Mshono ukampendeza, pindo likampendeza. Akauliza bei, nikamwambia, akaigeuza kwa shilingi kichwani.

"Elfu moja na zaidi!" akasema. "Si ungeingoja tu, mwanangu. Ingekuja yenyewe."