Tubomoe ukuta, lakini nani atapika?

Nimekuwa kimya siku kadhaa kwa sababu ya shughuli za nyumbani. Pale Tabata, kwa wazazi wangu, kuna mjadala mkali kuliko ule wa Simba na Yanga. Mjadala wenyewe ni jiko.

Kaka yangu anayeishi Uingereza ameahidi kutoa fedha tuongeze nyumba kwa upande wa nyuma, tupate jiko la kisasa. Anataka lile la wazi, ambalo halina ukuta kati yake na meza ya chakula na sebule. Mimi ndiye niliyebaki Dar, kwa hiyo nimekabidhiwa usimamizi. Naongea na fundi, nakusanya bei, nafikisha maneno ya mama kwa kaka na ya kaka kwa mama. Kazi yangu ya kila siku ni kuuliza watu maswali, basi safari hii nimeyahamishia nyumbani.

Kaka alituma picha kumi na mbili kwa simu. Ni nzuri, sibishi. Kule nyumba nyingi za mjini ni nyembamba na zimeshikana, jiko liko nyuma na ni dogo. Mwenye fedha anajenga kuelekea bustanini, anaweka milango mikubwa ya vioo na dirisha la paani, anabomoa ukuta wa ndani. Kwao ni suala la mwanga na joto, maana miezi mingi ya mwaka jua wanalisikia kwenye redio tu.

Pamoja na picha ilikuja orodha: kaunta ya katikati yenye jiko la umeme la indaksheni, oveni ya kupachikwa ukutani, friji inayounganishwa na intaneti, taa za kuwashia kwa simu na spika za darini. Orodha ya mama ilikuwa na kitu kimoja tu. Alisema, "Mimi mwanangu nataka nipike bila kukohoa."

Mama amepikia mkaa zaidi ya miaka thelathini. Kifua chake kinamsumbua, na daktari amemwambia wazi aache moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilichangia vifo milioni 3.2 duniani. Hapa kwetu serikali ilizindua mwezi Mei 2024 mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo mwaka 2034. Takwimu hizo nimeshaziandika gazetini mara nyingi. Ukizisoma huku mtu wako anakohoa chumba cha pili, zinakuwa na uzito mwingine.

Sasa hapa ndipo penye hoja yangu. Majiko ya wazi nimeyaona katika nyumba kadhaa za jamaa na marafiki hapa mjini. Yanapendeza. Marumaru inang'aa, viti virefu vimepangwa, kwenye jiko la gesi hakuna hata tone la mchuzi. Halafu ukitoka uani unakuta jiko la mkaa linawaka, dada wa kazi ameinama, maharage yanachemka. Jiko la ndani ni la wageni na picha, la nje ndilo la kupikia! Ukuta umebomolewa ndani ukahamishiwa mlango wa nyuma, na moshi bado una mtu wake.

Kwa hiyo nimejiwekea kipimo kimoja kwa kila kitu kilichomo kwenye orodha ya kaka: je, kitafanya chakula cha kweli cha nyumba hii kipikiwe ndani? Naongelea ugali wa watu wanane, maharage ya Jumanne, samaki wa kukaanga wa Ijumaa na pilau ya sikukuu.

Tuanze na umeme, maana ndio unaobeba vingine vyote. Nilichukua kalamu nikajumlisha. Jiko dogo la indaksheni la sahani moja linakula kama kilowati 2. Birika 2. Oveni 2 na nusu. Maikrowevu 1.2. Presha kuka ya umeme 1. Jumla ni kilowati 8.7, na kwa umeme wetu wa volti 230 hizo ni karibu ampea 38 kama vyote vitawashwa kwa pamoja. Sahani nne zikiwa za kujengewa kwenye kaunta, zenyewe zinaweza kufika kilowati 7. Nyumba ya mzee ilifungwa waya miaka ya tisini, na jiko zima lina soketi mbili! Fundi umeme ameshauri laini mpya itoke moja kwa moja kwenye meni switchi: waya wa milimita 6 za mraba na kikata umeme chake kwa ajili ya jiko, soketi za vifaa vingine kwenye laini tofauti, na ardhi ipimwe upya. Hakuna mgeni atakayeusifia waya ulio ndani ya ukuta, lakini ukikosewa, siku ya kuwasha kila kitu ndiyo siku ya kuita zimamoto.

Indaksheni yenyewe ni mashine nzuri. Haichomi hewa, inapasha sufuria moja kwa moja kwa nguvu za sumaku, na moto mwingi unaingia kwenye chakula badala ya kupotea pembeni kama ilivyo kwa gesi. Ila ina sharti: chombo kiwe na chuma kinachoshikwa na sumaku. Nilichukua sumaku ya mlango wa friji nikazunguka nayo kwenye kabati la mama. Sufuria kumi na moja, zote za alumini. Hakuna hata moja iliyonasa! Maana yake ukinunua jiko hilo unanunua na seti nzima ya vyombo. Halafu kuna ugali. Kusonga ugali ni kazi ya mabega, na juu ya kioo laini sufuria inateleza kama gari kwenye matope ya masika. Sijasema haiwezekani. Nasema anayeuza ajaribiwe kwa mwiko na unga wa kilo moja, kuchemsha maji kila jiko linaweza.

Kitu kilichonishangaza ni presha kuka ya umeme, ile unayoifunga, unabonyeza, unaondoka. Inatunza joto lake, inajikata yenyewe ikitosheka, na sufuria ya maharage inaiva kwa chini ya uniti moja ya LUKU. Maharage ndiyo yanayowarudisha watu wengi kwenye mkaa, kwa hofu ya kumaliza gesi. Kifaa hicho kidogo, kisichokuwemo kwenye picha hata moja ya kaka, kinaweza kufuta sababu ya gunia la mkaa kuliko oveni ya ukutani.

Gesi haikwepeki, hasa kwa aliyepitia mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023. Ni kweli mambo yamebadilika. Mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere kule Rufiji ulianza kuzalisha Februari 2024, na bwawa zima lilisanifiwa kwa megawati 2,115. Lakini umeme kuwapo Rufiji na umeme kufika Tabata siku ya mvua ni habari mbili. Tunaweka plati mbili za gesi. Jambo la kuzingatia ni kwamba gesi hii ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, inatambaa sakafuni. Kwenye jiko la zamani lenye mlango wake ingebaki humo. Kwenye jiko la wazi inaweza kutambaa hadi chini ya kochi alipolala mtoto. Kwa hiyo mtungi utakaa nje, kwenye kijumba chenye matundu chini, na bomba ndilo litakaloingia ndani na valvu yake mahali pa kufikika.

Haya, tuje kwenye samaki. Ukimkaanga changu kwenye jiko lisilo na ukuta, harufu inakwenda kukaa kwenye makochi, inatazama taarifa ya habari na wewe. Mashine za kuvuta moshi ziko za aina mbili. Moja inavuta na kupeleka nje kwa bomba. Nyingine inavuta, inapitisha kwenye chujio, halafu inarudisha humohumo. Hiyo ya pili ni rahisi na ndiyo ambayo muuzaji wa dukani alinisukumia, lakini mvuke haiutoi, na chujio lisipobadilishwa inabaki pambo. Sisi tunataka yenye bomba, na jiko liwe kwenye ukuta wa nje ili bomba liwe fupi na lililonyooka. Hapo kaunta ya katikati ya kaka ikapoteza jiko lake. Itakuwa meza ya kukatia mboga, na madirisha yatakabiliana ili upepo upite.

Kabla ya yote hayo, ule ukuta wenyewe. Fundi alitaka kuanza kuubomoa Jumamosi ileile! Ukuta ule umebeba paa. Unahitaji mhandisi auangalie, bimu ya zege ipimwe, na kibali cha ujenzi kutoka manispaa kabla nyundo haijainuliwa.

Nilipokuwa nasoma mambo haya nilikutana na habari ya mwanamama wa Austria, msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky. Mwaka 1926 alibuni jiko la nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa na upana wa kama mita 1.9 na urefu wa mita 3.4, kila kitu mkono unapofika, ili mama apunguze hatua na uchovu. Yalijengwa kama 10,000. Baadaye wakosoaji wakasema jiko lile limemfungia mwanamke peke yake kwenye chumba kidogo kama maabara. Jiko la wazi likaja kujibu lawama hiyo: anayepika naye awepo kwenye mazungumzo.

Lakini sisi tulikuwa na jibu letu zamani. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo au Ilala, yenye vyumba sita na ukumbi katikati, ina uani nyuma. Pale mmoja anachambua mchele, mwingine anakuna nazi, watoto wanapita, umbea unaendelea. Moshi unakwenda juu kwa Mungu. Hilo nalo ni jiko la wazi! Tofauti yake na la picha za kaka ni kwamba uani ulipangwa kwa ajili ya wanaofanya kazi, wakati jiko la picha linapangwa kwa anayetazama kutoka kwenye kochi.

Ndiyo maana nikamuuliza dada anayetusaidia kazi, maana yeye na mama ndio wenye jiko. Aliniangalia kama nina homa. Halafu akasema, "Kaka, kwani na mimi nitapikia humo ndani, wageni wakiwepo?" Nikamwambia ndiyo. Akafikiri kidogo, akatoa orodha bora kuliko zote: sinki moja liwe kubwa na refu, sufuria ya pilau ilale. Bomba lichukue maji ya simtanki hata pampu ikizimwa. Sehemu ya kusongea ugali iwe chini kuliko kaunta, mama ni mfupi na yeye si mrefu. Vigae visiteleze. Na kiti. "Kiti cha nini?" nikauliza. "Cha kukalia nikichambua mchele. Kwenye hizo picha viti vyote viko upande wa sebule." Nilizirudia zile picha zote kumi na mbili. Kweli tupu.

Bajeti, kama mnavyojua, haijawahi kutosha tangu Adamu. Nimemwandikia kaka mapendekezo yangu. Friji ya intaneti, spika na taa za simu zisubiri, vinaweza kununuliwa hata baada ya miaka mitano bila kuvunja tofali. Laini ya umeme, bomba la moshi, madirisha, mtungi wa nje, bimu na sehemu ya chini ya kusongea viingie sasa, maana kuvirekebisha baadaye ni kubomoa upya. Jiko la mkaa libaki kwa shughuli ya watu hamsini tu, nje, chini ya kibanda kisicho na kuta.

Kaka hajajibu bado. Nahisi anaililia ile kaunta. Mama naye ameanza kuwa na wasiwasi wa namna nyingine, eti akipika mbele za watu wataona anatia chumvi mara ngapi. Baba amesema yeye hana tatizo na mpango wowote, mradi runinga isiguswe. Nimemwambia mama jambo moja: siku wageni wakimwona anapika, wataona pia nani amekaa, na huenda baadhi yao wakanyanyuka kumenya vitunguu. Akacheka mpaka akakohoa.

Nanyi wadau, kwenu ukuta umebomolewa au umehamishwa? Wikiendi njema.