Huyu Pichani ni Nani?

Mama yangu anaishi Kikwajuni, katika majumba ya ghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya watoto, na kila nikipita kwake jioni, kabla hata sijakaa, huniuliza leo nimechanja watoto wangapi. Nami humtajia idadi huku nikivua viatu, kisha tunaendelea na mengine.

Chini ya kitanda chake lipo kopo la biskuti ambalo tangu utoto wetu tulikatazwa kulishika kwa mikono yenye mafuta. Ndani mna picha, nyingi kati ya hizo zilipigwa na marehemu baba. Baba alikuwa fundi umeme bandarini, si mpiga picha. Kamera yake, Zenit ya Kirusi, aliinunua kwa baharia mmoja mwaka 1977, na nimeambiwa mama hakusema naye kwa siku mbili kwa ajili ya fedha hizo. Ni picha moja kutoka kopo hilo iliyoniaibisha mbele ya akina mama wenzangu, na ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Wasomaji wa rika langu watakumbuka kwamba zamani kupiga picha kulikuwa ni safari. Unguja ina historia ndefu ya wapiga picha wa kazi. Mgoa A. C. Gomes alikuwa na studio yake Mji Mkongwe tangu karne ya 19, na mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, ambayo baadaye mwanawe Rohit aliiendesha katika Barabara ya Kenyatta. Studio ulikwenda umevaa nguo ya Krismasi, umepakwa mafuta mpaka magoti yanang'aa, ukasimama wima ukaambiwa usicheke. Picha za baba hazikuwa hivyo hata kidogo. Utamwona mama amechuchumaa akipaa samaki, au jirani ameinama kufua na uso hauonekani, au kaka yangu nusu mwili kwa sababu hakutulia. Mkanda wa picha 36 ulikuwa adimu miaka ile, kwa hiyo baba aliweza kukaa nao karibu mwaka mzima. Ulipokuja kusafishwa, Krismasi, Pasaka na mvua za masika zilitoka katika bahasha moja.

Sasa niwaeleze jinsi picha hizi zilivyofika kanisani. Mwaka 2022 nilikuwa katika zamu ya kuwatembelea wagonjwa majumbani, na kati yao alikuwamo bibi mmoja aliyekuwa amepoteza kumbukumbu. Alikuwa na bahasha ya picha zipatazo arobaini. Akishika moja hutabasamu, akishika nyingine hulia, lakini hakuweza tena kusema kwa nini. Alipofariki, watoto wake walizitandaza mkekani wakatuuliza sisi wageni kama tunamfahamu yeyote. Hatukumfahamu hata mmoja. Mkwe mmoja alisema zitupwe, na ingawa maneno yale yalituchoma, nilijiuliza moyoni, vinginevyo wafanye nini nazo?

Sisi tunaosali Mkunazini tunalijua jambo hili kuliko wengi. Kanisa kuu letu limesimama mahali palipokuwa soko la watumwa, na jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873. Miaka mitano kabla ya hapo, mwaka 1868, zilipigwa picha za watu waliookolewa baharini na meli ya kivita ya Waingereza iitwayo Daphne. Wanaonekana wamekaa sitahani, wamekonda, watoto kwa wakubwa. Picha hizo zimezunguka dunia nzima katika vitabu. Mbavu zao unaweza kuzihesabu, lakini jina la yeyote kati yao huwezi kulitaja.

Basi tukakubaliana katika kikundi chetu kwamba Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya maombi, mama mmoja alete picha moja ya kawaida kutoka nyumbani kwake, asimulie yaliyokuwa nyuma yake. Tulikataa picha za studio na za harusi ya kanisani, kwa kuwa hizo kila mtu amezitundika ukutani. Mchungaji alipotuuliza shabaha yake ni nini, mama mmoja alimkumbusha habari ya Yoshua sura ya nne, jinsi mawe kumi na mawili yalivyotolewa katika mto Yordani ili watoto watakapouliza maana yake waelezwe. Kwa hiyo mawe yalihitaji mtu wa kuyasemea, na picha ni vivyo hivyo.

Sikutegemea kwamba tutacheka na kulia kiasi kile. Mwalimu mmoja aliyewahi kufundisha Jambiani alileta picha ya mikono tu, mikono ya jirani yake mkulima wa mwani, imekunjamana na kuwa myeupe kwa maji ya chumvi. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza upande ule wa mashariki mwaka 1989, na wengi waliokipokea walikuwa wanawake. Alituambia kuwa jirani huyo alimwomba ampige picha ya mikono kwa sababu siku ile ilikuwa imelipa ada ya mwanawe bila kumwomba mume hata senti.

Nyingine sitaisahau. Ilionyesha baba, mama na watoto watatu wamekaa mkekani kuzunguka sinia, nyuso zote zinang'aa. Tukasema, ni familia inakula, kuna nini hapa? Mwenye picha akacheka. Alisema ilipigwa Januari 2010, wakati Unguja nzima ilipokuwa gizani. Mtakumbuka kwamba waya wa umeme wa chini ya bahari uliharibika Desemba 2009, na umeme haukurudi mpaka Machi. (Sisi tuliozalisha kwa mwanga wa tochi tunakumbuka kwa namna yetu.) Yeye na mumewe walikuwa wamefikia hatua ya kutosemezana, kila mmoja alikula kwa wakati wake, mume mbele ya televisheni. Giza lilipoingia, nyumba ilikuwa na kandili moja tu, na aliyetaka kuona anachokula alilazimika kuja mkekani. Wiki ya kwanza walikula kimya. Ya pili mume aliomba chumvi. Siku ya picha alikuwa amesimulia kisa cha ofisini na mkewe akajikuta anacheka, ndipo mdogo wake aliyekuwa mgeni akawapiga kwa kamera yenye taa. Mwanga wa kamera ndio uliofuta giza lote. Asingetusimulia, nani angejua kwamba watu wale walikuwa wamekaa gizani?

Si kila picha tuliipokea. Dada mmoja alileta picha aliyoipiga kwenye sherehe ya harusi ya jirani yake Mwislamu, upande wa wanawake, wote wamevaa na kujipamba kwa uhuru kama inavyokuwa wanaume wasipokuwapo. Ilikuwa picha nzuri mno. Lakini tulimwuliza, je, wenyewe wanajua kuwa imefika hapa? Akanyamaza. Tulimwomba airudishe kwenye mkoba, na tangu siku ile tumeweka sharti kwamba aliye pichani aulizwe kwanza. Hapa Unguja tunaishi ukuta kwa ukuta. Mtu aliyekufungulia mlango wake akiwa hana ushungi amekuamini, na siku hizi picha ikiingia kwenye simu moja, kesho iko Dubai.

Kuhusu simu sina mengi. Kijana wangu alikuwa na maelfu ya picha katika simu yake iliyotumbukia baharini pale Forodhani, na alipoulizwa alizozikosa hasa, alizikumbuka mbili.

Zamu yangu ilipofika mwaka jana, nilikwenda kwenye kopo la mama. Nilichagua picha niliyoipenda tangu nikiwa mdogo. Mama amesimama mbele ya soko la Darajani, kijana, mwembamba, amejifunga khanga mbili, mkono mmoja kikapu na mkono mwingine amemshika mtoto wa kiume kama wa miaka mitatu. Mtoto amekunja uso kwa jua. Nikasimama mbele ya wenzangu nikasema kwamba huyu ni kaka yangu, nikasimulia alivyokuwa mtundu, alivyopotea sokoni siku moja akakutwa chini ya meza ya muuza ndizi. Watu walicheka. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa kikundi, na nilisimulia vizuri, najua.

Tulipokuwa tunakunja viti, mama mmoja mtu mzima, aliyesali na mama yangu tangu ujana wao, alinivuta pembeni.

"Mwanangu," akasema, "hebu nenda ukamwulize mama yako vizuri. Huyo si kaka yako huyu."

Nilimwuliza ni nani, akatikisa kichwa. Akasema si lake kulisema.

Nilikaa wiki tatu sijakwenda kuuliza. Nyumbani nilimweleza mume wangu, akaniambia niwaache waliolala walale. Ni mtu mwenye busara, na mara nyingi humsikiliza, lakini safari hii sikutulia. Kazini kwetu nimeona jinsi tunavyowakwepa wazazi waliofiwa na watoto. Tunapunguza sauti wakipita, tunabadili mazungumzo, tunadhani tukilitaja jina tutawakumbusha, kana kwamba wamesahau. Hata hivyo, kujua hayo kwa mgonjwa ni rahisi. Kwa mama yako mzazi ni kitu kingine. Niliogopa kwamba nitafungua kidonda ambacho sitaweza kukifunga, na niliogopa pia, nikiri, kuambiwa kwamba kwa miaka zaidi ya arobaini nimekaa katika nyumba ambayo siijui.

Jioni ya Jumanne nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo. Nikakaa chini, nikaweka picha mkekani kando yake, sikusema neno. Aliitazama. Akaendelea kuchambua kidogo. Halafu akaweka ungo chini.

"Nani amekwambia?"

Nikamwambia. Akaguna, akasema yule bibi tangu zamani hawezi kuficha kitu, lakini hakusema kwa hasira.

Alikuwa mtoto wao wa kwanza. Alikufa kwa surua mwaka 1978, miezi kadhaa kabla ya kaka yangu kuzaliwa. Miaka ile chanjo ilikuwa haijawafikia watoto wote, na ugonjwa uliingia mtaani ukaondoka na zaidi ya mmoja. Siku ya picha, mama alikuwa anakwenda kununua dagaa, mtoto akamlilia wafuatane, na baba, aliyekuwa na siku ya mapumziko, akawafuata nyuma na kamera yake mpya bila mama kujua. Pale sokoni alimwita, mama akageuka. Alikuwa amekasirika, akasema picha moja inakula pesa ya kitoweo.

Baada ya mazishi, baba aliifungia kamera kabatini na mkanda wake ndani. Ilikaa humo zaidi ya mwaka. Alipothubutu kuupeleka kusafishwa, mtoto alikuwa katika picha moja tu, hii. Wakaiweka kwenye kopo pamoja na nyingine. Sisi tulipozaliwa na kuanza kuuliza, mtu mmoja akasema ni kaka, labda shangazi, na wao wakaacha iwe hivyo.

"Mngetuambia," nikasema.

"Ningeanzia wapi? Mlikuwa wadogo. Halafu mkawa wakubwa."

Nilimwomba radhi kwa kumsimulia mtoto wake kwa watu kama mtu mwingine. Akasema hapana, hata yeye aliwahi kusikia tukicheka habari za muuza ndizi huku tumeishika picha hiyo, akaona angalau anachezewa.

Huwa nawafundisha wenzangu kuandika nyuma ya picha kwa penseli laini, pembeni, wala si kwa kalamu ya wino ambayo huchapa mpaka mbele. Nilikuwa na penseli kwenye mkoba wa kazi. Mama akanitajia jina lote, la ubatizo na la babu, kisha "Darajani", kisha mwaka. Aliniambia niandike pia kwamba viatu alivyovaa vilikuwa vya kuazima. Ameniruhusu kuyaeleza haya kwenu. Jina hakuniruhusu, na sharti la kikundi ni lile lile.

Alichukua picha akaisoma nyuma, polepole, mdomo ukicheza. Akairudisha kwenye kopo, akafunga kifuniko, akavuta ungo wake.

"Na leo umechanja wangapi?" akauliza.

Safari hii sikujibu haraka. Nilitoa daftari nikahesabu. Waliokuja kwa surua, wa miezi 9 na wa miezi 18, walikuwa kumi na wanne, nikamtajia mmoja mmoja, huyu wa Kilimani, huyu wa Malindi, huyu aliyelia mpaka akalala, na mama akachambua mchele huku akiitikia kila mmoja.