Kahawa ya Kutafuna

Wahenga walinena kwamba mwonja asali haonji mara moja. Nasi tangu utotoni tumekuwa hivyo kwa chokoleti. Kahawa, kinyume chake, hatukuipenda kamwe. Tulikulia Masaka, nchini Uganda, katika nyumba iliyozungukwa na mibuni, na kila msimu wa mavuno tulichuma, tukaanika, tukageuza, mpaka tukachoka hata na harufu yake. Kwetu sisi kahawa ilikuwa kazi, na chokoleti ilikuwa sikukuu. Hatukutazamia kwamba viwili hivyo vingekutana kinywani mwetu, wala kwamba vingetupatanisha na mtu.

Mtu mwenyewe ni mwalimu mwenzetu, afundishaye Kiingereza. Siku moja alisema mbele ya wanafunzi kwamba Kiswahili ni lugha ya kambi za askari, na kwamba akifundishaye anawapotezea watoto wakati. Ndugu wasomaji mnaofundisha Uganda mnayajua maneno hayo. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, lakini maneno hayo hayajakoma. Tulimjibu kwa ukali uliopita kiasi, na kwa muda wa miaka miwili hatukupeana ila salamu za ofisini.

Mwaka jana alikwenda Brussels kumtazama binti yake. Aliporejea alitukuta chumba cha walimu, akaweka kisanduku mezani. Akasema, "Mwalimu, najua upendavyo chokoleti. Lakini kwanza nisikilize." Akasimulia jinsi alivyopotea njia katika mtaa wa Matonge, wanakoonekana Wakongomani wengi. Kiingereza chake hakikumfaa kitu. Mama mmoja aliyetoka Goma alimsemesha kwa Kiswahili, akamshika mkono mpaka kituo cha basi. "Nilimjibu kwa vile vijineno nilivyokuwa nikivicheka," akasema.

Tukafungua kisanduku. Chokoleti za namna hii, zenye ganda gumu na kiini laini ndani, zilibuniwa katika mji huohuo wa Brussels na Jean Neuhaus mwaka 1912. Tulikula ya kiini cha njugu, tukala ya maziwa, tukasifu. Mwishowe ikabaki moja, nayo ilikuwa ya kahawa. Tulisita. Mwenzetu akaikata vipande viwili kwa kisu cha matunda, akatusogezea kimoja.

Mafuta ya kakao huyeyuka katika joto lililo chini kidogo ya joto la mwili wa binadamu. Ndiyo maana chokoleti haihitaji kutafunwa sana. Ganda lilitoweka ulimini, kisha ukaja utamu, na nyuma ya utamu uchungu. Tuseme kweli: sukari ilizidi, na laiti tungeulizwa, tungaliomba kahawa zaidi. Naam, sisi tulioichukia! Uchungu wa kakao na uchungu wa kahawa haukuwa mmoja. Ule wa kwanza ulikaa ulimini, huu wa pili ukapanda puani, ukatukumbusha majamvi ya baba yaliyoanikwa buni.

Hapo mwenzetu akauliza, "Hii mnaiitaje kwa Kiswahili? Kahawa si ya kunywa?" Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Kiswahili kina mbuni, ambao ni mti; kina buni, ambayo ni tunda lake; na kina kahawa, ambayo aghalabu ni kinywaji. Lakini katika nchi zinazozunguka ziwa letu, Buganda na Buhaya, wazee walitafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa zamani kabla ya watu kuzoea kuinywa kahawa. Mgeni alikaribishwa kwa buni. Tena katika Buganda ya kale, watu wawili waliotaka kuwa ndugu walipasua tunda moja, kila mmoja akatia damu yake katika punje yake, wakabadilishana, wakatafuna.

Tulipokwisha kumweleza hayo, sote wawili tulikitazama kisu kilichokuwa mezani. Hapana aliyesema neno. Kakao hulimwa kwetu Bundibugyo, na kahawa hulimwa Masaka; hata hivyo ilitubidi tuzisubiri zitoke Ulaya ndipo tule pamoja.

Wagombanao ndio wapatanao, lakini maneno yaliyosemwa mbele ya watoto hayafutwi katika chumba cha walimu. Mwenzetu alilifahamu hilo bila kuambiwa. Jumatatu iliyofuata alibisha hodi darasani kwetu, akasimama mbele ya wanafunzi walewale, akayatengua maneno yake kwa Kiswahili. Alikosea ngeli, alikosea viambishi, alikosea hata wakati. Sisi, ambao kazi yetu ya kila siku ni kusahihisha, hatukusahihisha hata kosa moja.