Hesabu Mikononi mwa Muuguzi



Sisi tulioondoka Nkoma kwenda kusomea uuguzi tulidhani tumeagana na Hisabati siku ya mtihani wa kidato cha nne. Wengi wetu tulikuwa na F katika somo hilo, wala hatukuwa wapweke, kwani nchini Tanzania huwaangusha watahiniwa wengi mwaka hadi mwaka. Chuo kilitudai Baiolojia, Kemia na Fizikia. Hisabati ilikuwa nyongeza njema tu. Basi tukaingia kwa amani.

Amani hiyo haikudumu. Lilipoanza somo la dawa, tuliandikiwa ubaoni habari za mtoto wa kilo 12 mwenye homa, anayestahili parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo. Chupa ya dawa ya maji ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Je, apewe mililita ngapi? Tuliinamisha vichwa. Kuzidisha 15 kwa 12 tuliweza, tukapata 180. Hapo ndipo giza lilipotanda.

Aliyetuokoa ni mwenzetu mmoja, binti wa wakulima kama sisi. Alituuliza jioni: tuseme debe linabeba kilo 20 za mahindi, na mama anahitaji kilo 30, apime madebe mangapi? Sote tukajibu kwa pamoja, debe moja na nusu. Akasema, basi 120 ndilo debe lenu, nanyi mnatafuta 180. Kipimo kimoja na nusu, mililita 7.5. Tulicheka kwa aibu. Kumbe tangu utoto tulikuwa tukikokotoa uwiano sokoni na kwenye mizani ya pamba, ila hakuna aliyetuambia kwamba hiyo nayo ni Hisabati.

Tangu hapo tulijizoeza kukadiria kabla ya kushika kalamu. Aliyekwisha kujua kwamba jibu ni zaidi kidogo ya kipimo kimoja, hatakubali mililita 75 eti kwa kuwa simu imesema hivyo. Simu hukokotoa ulichoandika, haimwoni mtoto. Nukta ikikosewa dozi huwa mara kumi, na parasetamoli iliyozidi sana huharibu ini. Ndiyo maana tulifundishwa kuandika 0.5, kamwe si .5, na kuandika 5 pasipo kuifuatisha nukta na sifuri.

Dripu nayo ina hesabu yake: mililita 500 kwa saa 4, kwa mpira utoao matone 20 kwa mililita, ni matone 10,000 kwa dakika 240, yaani kama 42 kila dakika. Hayo huhesabiwa kwa macho, saa mkononi.

(Tuliambiwa pia kwamba Florence Nightingale aliipenda mno Hisabati, hata mwaka 1858 akapokelewa katika chama cha wanatakwimu cha London. Habari hiyo haikumfariji yeyote kati yetu.)

Lililotuwia gumu kuliko yote ni kumwomba mwenzetu akokotoe upya, peke yake, pasipo kuonyeshwa jibu letu. Kwetu Usukumani mdogo hamsahihishi mkubwa kwa urahisi. Lakini wauguzi wenye umri wa mama zetu ndio waliotuita wa kwanza: "Mwanangu, njoo unihesabie hii." Na katika zahanati ambako muuguzi hukesha peke yake, hukokotoa mara mbili kwa njia mbili tofauti, kisha ndipo huvuta dawa.