Dirishani kwa "Dokta"

Morogoro, kila aliyevaa koti jeupe huitwa dokta, na mfamasia huyu aliacha kubishana na jina hilo mapema. Maisha yake ya kazi yamepita nyuma ya dirisha la dawa, akihudumia watu wanaoteremka Uluguru kutoka Kinole, Matombo na Mgeta. Wagonjwa wa kifafa ndio waliomfundisha zaidi.

Kusini mwa mkoa huohuo, Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa miaka ya 1960 na kuwatibu watu kwa fenobabitoni. Ni dawa kongwe, ya bei nafuu, nayo huzuia degedege kwa kuupoza ubongo. Pombe nayo huupoza. Zikikutana pumzi hupungua, na aliyelala chali akitapika aweza kupaliwa na matapishi asizinduke.

"Usinywe pombe," mfamasia aliwaambia wagonjwa wake waliotumia dawa hiyo. Waliitikia vizuri, kisha ikifika Jumamosi yenye ngoma wakaacha vidonge. "Dokta, mimi sichanganyi," mzee mmoja alimwambia kwa fahari, "ya leo nairuka ninywe komoni kwa amani."

Amani haikuwepo. Kwa mtu mzima, fenobabitoni huchukua takriban siku 3 hadi 4 kupungua nusu mwilini, kwa hiyo komoni ya mzee ilikuta dawa ya juzi ingalipo. Na mwenye kuzoea kuiruka hukaribisha kifafa kirudi, pengine mfululizo. Ndipo mfamasia akaanza kuuliza, bila kukunja uso: mzee, unakunywa lini, na kiasi gani?

Kiasi! Hapo ndipo pagumu. Kabla viroba vya pombe kali havijapigwa marufuku Machi 2017, mgonjwa aliweza angalau kuhesabu vifuko. Komoni hupimwa kwa kopo la mwenye kilabu, na gongo hakuna ajuaye ukali wake.

Hata waliotafuta Valium, dawa ya kutuliza, ili wapate usingizi aliwaonya, akiwasimulia habari za Karen Ann Quinlan, Mmarekani wa miaka 21, aliyezimia mwaka 1975 baada ya pombe na dawa za kutuliza. Hakuzinduka tena, alifariki 1985.

Ndugu wengi walikimbilia kumnywesha maziwa aliyelewa dawa. Aliwakataza: mlazeni ubavu, msimpe kitu mdomoni, mleteni hospitali pamoja na kifuko cha dawa. Fenobabitoni haina dawa ya kuizimua. Wauguzi humsaidia mgonjwa kupumua mpaka ipungue, na lazima wajue wanasubiri nini.