SD, xD na Memory Stick: nani alishinda, na kwa hesabu gani?

Wadau, juzi nilikuwa napitia takwimu za CIPA, kile chama cha watengenezaji wa kamera kule Japani. Mwaka 2010 zilisafirishwa kamera za kidijitali zaidi ya milioni 120. Mwaka 2023 hazikufika hata milioni 8. Ukisoma haraka utasema kamera imezikwa.

Sasa angalia neno lenyewe: zilisafirishwa. Hizo ni kamera mpya zilizotoka kwa watengenezaji. Kamera iliyouzwa Nairobi, ikauzwa tena Kisii, halafu ikafika kwetu Magwagwa kupiga picha za harusi, imehesabiwa mara moja tu. Kwa hiyo ukisikia asilimia ya soko, uliza kwanza: asilimia ya nini? Ya vilivyouzwa mwaka huu, au ya vilivyo mikononi mwa watu?

Kwenye kadi za memori mambo yanachanganya zaidi. Sony walileta Memory Stick mwaka 1998. SD ikatangazwa mwaka 1999 na SanDisk, Toshiba na Matsushita (hao wa Panasonic). Mwaka 2002 Olympus na Fujifilm wakaja na xD. Hapo mtu angeweza kuchora duara na kusema xD ina kipande kizuri. Kipande gani? Aliyenunua Olympus alipenda kamera, kadi akaikuta humo humo. Hakuna aliyeipigia xD kura.

SD ilitumiwa na kampuni nyingi, na mdogo wake microSD, wa mwaka 2005, akaingia kwenye simu. Mchezo ukaishia hapo. Januari 2010 hata Sony wakatangaza kamera zinazopokea SD. Pale sokoni kwetu, microSD ndiyo unayompelekea kijana wa duka akujazie nyimbo, kisha unaichomeka kwenye simu au redio ndogo. Redio haina lenzi, wala haimo kwenye hesabu ya kamera, lakini imechangia kuamua kadi gani muuzaji wa Magwagwa aweke kabatini.

Walioshindwa nao hawakutoweka. Mjomba wangu alikuwa mpiga picha wa kijiji, na ana kadi mbili za xD zenye picha za mazishi na harusi za watu. Kamera yake haiwaki tena. Akaniambia, "Mpwa wangu, si wewe ulisomea kompyuta?"

Nilisomea, mjomba, lakini shida hii haiondolewi na programu. Kadi ya SD ina kidhibiti chake ndani, kama karani anayejua kila faili liko wapi. xD haina, karani anakaa ndani ya kamera au ndani ya kifaa cha kusomea kadi. Bila kifaa kinachoijua xD, kompyuta yangu haioni kitu, hata niandike msimbo usiku kucha.

Kifaa nilikipata Luthuli Avenue, Nairobi, kimetumika na kimechubuka. Kama nyumbani kwenu kuna xD au Memory Stick kwenye droo, nakili picha zake mwezi huu.

Kadi ya kwanza imefunguka, na mjomba ameanza kuwapigia simu wenye picha zao. Ya pili bado inakataa. Nitaijaribu tena Jumamosi.